Makofi ya Kuazima

Jumamosi asubuhi, duka la nyuzi na vifungo ni uwanja wa vita. Mafundi cherehani wanasukumana kwa viwiko, mabibi harusi wanalia kwa sababu utepe si mweupe ule waliouota, na muuzaji anampimia huyu lastiki huku akimjibu yule mwingine. Katikati ya vurumai hiyo alisimama mwanamke wa miaka arobaini na saba, gauni la kijani limembana pale tu alipotaka limbane, mkononi skafu ya manyoya mekundu. Alikuwa anaikagua unyoya kwa unyoya kama mtu anayechagua kuku.

Pembeni yake akajipenyeza mwanamume mrefu, mabega kama kabati, ndevu zimeanza kuingiwa na mvi. Akainama kwenye kaunta na kushusha sauti.

"Nipe stokingi. Nyeusi, nyembamba kabisa."

"Saizi gani?" muuzaji akapaza sauti, kama wafanyavyo wauzaji wote mtu akitaka siri.

"Yoyote tu."

Mwanamke wa manyoya hakuweza kujizuia. "Kaka yangu, hakuna mwanamke anayevaa saizi yoyote tu. Mkeo mnene au mwembamba?"

"Sina mke."

"Ahaa." Akamshusha macho mpaka viatuni, akampandisha. "Basi kwa miguu hiyo, chukua kubwa kuliko zote."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, jambo lililompatia alama ya kwanza, kwa sababu wanaume wengi wakichekwa hununa. Akatoa mfukoni duara la mbao la kutarizia.

"Nitaivalisha hii, dada. Naivuta ikaze, naiweka mbele ya maiki. Mwimbaji akitamka 'penzi', pumzi yake isiipige maiki kofi. Mimi ni fundi wa kurekodi sauti."

"Hakuna kifaa cha dukani cha kazi hiyo?"

"Kipo. Stokingi inakishinda. Na wewe, manyoya yote hayo unashona mto?"

"Ya shingoni. Mimi mwimbaji."

"Wa kwaya?"

"Kwaya wangenitimua kabla ya amina."

Ukweli ulikuwa huo. Watu walimwita Bi Manyoya, na kila Jumapili jioni aliimba kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, wasikilizaji wamekaa mezani wanakula na kunywa. Haimbi akiwa amesimama kama mlingoti. Anashuka jukwaani, anakalia ukingo wa meza ya mtu, anamrekebisha tai, anamwuliza mkewe alimtoa wapi, kisha anarudia wimbo pale pale alipouacha. Na kwa kuwa mkono mmoja wa msikilizaji una glasi, alikuwa amewafundisha wasipige makofi: wakifurahi, wapige meza kwa kiganja.

Alitaka albamu. Studio alizokwenda zilimtaka aingie kwenye kijichumba, aimbe peke yake, kisha kompyuta imnyooshe sauti mpaka afanane na msichana wa miaka ishirini. Alikataa. Msichana wa miaka ishirini alishakuwa, na hakumbuki kama alifaidi sana.

"Nirekodi ukumbini," akamwambia yule fundi pale pale kaunta. "Na vijiko vyao, na kikohozi chao, na mimi nikikosea."

"Ni kazi ngumu."

"Kwani nimekuuliza kama ni rahisi?"

Wakabadilishana namba.

Simu ilianza na mambo ya maiki. Baada ya wiki mbili, maiki haikutajwa tena.

"Umekula?" Fundi alikuwa anauliza kila mchana.

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, ni shahidi wa chakula. Njoo, kuna kiporo."

"Bi Manyoya wangu, ukiendelea hivi nitanenepa."

"Nenepa. Nishike mtu, nisishike mwavuli."

Binti yake, msaidizi kwenye kliniki ya meno, alimtazama mama yake akichekea simu huku vitunguu vinaungua, akasema tu, "Mama, jiko," akaenda zake chumbani kuchekea huko.

Meneja wa hoteli ndiye aliyeweka kitanzi. Alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na manukato yanayotangulia kuingia. "Bi Manyoya, wageni siku hizi wanataka damu changa," alisema. "Rekodi onyesho moja. Nikiipenda, tutaiuza pale mapokezi na Jumapili zako zitaendelea. Nisipoipenda, ukumbi nautoa kwa mikutano." Kisha akakataa kumpa Fundi meza ya kuwekea mitambo ukumbini, kwa kuwa meza ni ya mteja. Fundi akapelekwa nyuma, chumba cha mashuka, akafunga mlango ili kelele za jikoni zisiingie. Akakaa kati ya marundo ya foronya akiwa na hedifoni masikioni. Alisikia kila kitu. Hakuona chochote.

Jumapili hiyo ikanyesha mvua ya kuosha paa. Nusu ya meza zikabaki tupu.

Bi Manyoya alitokea na gauni jeusi la vimeta lililopasuliwa mpaka gotini, manyoya mekundu shingoni, midomo ya rangi hiyo hiyo. Akaziangalia meza tupu, akaziangalia zilizojaa. Mwimbaji mwingine angeimba haraka amalize. Yeye alishuka, akavuta kiti, akakaa kwenye meza tupu kuliko zote, akashika kitambaa chake kama anashika mkono, akaiimbia ubeti mzima wa mapenzi. Akaiuliza kwa nini haimwangalii machoni. Akaiambia imekonda. Watu walicheka mpaka mmoja akamwagia mwenzake mchuzi. Viganja vikatua mezani kama ngoma.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe.

*Kunjeni zulia, sitoki,*
*Zimeni na taa, sitoki,*
*Mkinichoka semeni,*
*Nitawachoka mimi kwanza.*

Alipofika mwisho aliimba taratibu kabisa, bila maiki ya mkononi, akaketi ukingoni mwa jukwaa na kuweka kidole midomoni. Nyamazeni. Mzee mmoja wa meza ya nyuma akasimama, akainua kitambaa chake cheupe cha kufutia mikono. Jirani yake akasimama. Kisha ukumbi mzima ukawa umesimama na vitambaa hewani, hakuna aliyetoa sauti, kwa kuwa kile kidole kilikuwa bado midomoni. Mpiga kinanda akashusha kifuniko cha kinanda chake, naye akasimama. Katika miaka yake yote ya kuimba, Bi Manyoya hakuwahi kupata kitu kama kile.

Halafu mvua ikakatika, watu wakamzoa na kumpeleka mapokezi wakimkumbatia. Fundi alipofungua mlango wa mashuka alikuta ukumbi mtupu, viti vimekaa ovyo, vitambaa vimetupwa chini. Alipompata mapokezi, amebaki na meneja tu, alimshika mkono kwa nguvu.

"Usijali," alimwambia. "Nitaitengeneza."

Bi Manyoya akadhani ni maneno ya ufundi. Akambusu shavuni mbele ya meneja, makusudi.

Chumba cha kazi cha Fundi kilikuwa juu ya duka la matairi. Alikuwa amebandika ukutani magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isirudi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi na kuingia bila kubisha. Bi Manyoya alikwenda na keki, akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, viatu amevua, furaha imemjaa.

Fundi akabonyeza. Wimbo wa kwanza ukaisha. Makofi yakalipuka, makofi ya umati, na miluzi ndani yake.

Bi Manyoya akaacha kutafuna keki. "Hawa ni nani?"

"Wasikilizaji wako."

"Wasikilizaji wangu wanapiga meza. Hawa wana mikono miwili mitupu, Fundi. Hawa wamesimama uwanjani. Umewatoa wapi?"

Fundi akajikuna ndevu. "Tamasha moja la nyuma. Niliwarekodi mwenyewe."

"Walikuwa wanampigia nani?"

"Bendi fulani. Vijana."

"Kwa hiyo umenivisha makofi ya mtumba."

"Kila mtu anafanya hivyo, mpenzi. Ni kama chumvi."

"Chumvi unatia kwenye chakula chako, si kwenye jina langu! Na ile meza tupu? Niliiimbia ubeti mzima, watu wakavunjika mbavu. Iko wapi?"

"Nimeiondoa. Nilidhani hutataka watu wajue kwamba meza tupu zilikuwepo."

"Nani kakwambia ninaona aibu? Aibu ni ya aliyebaki nyumbani akiogopa kulowa!"

"Nilitaka kukulinda."

"Na nini?"

"Na... na kile nilichosikia mwishoni. Meneja angekisikia asingekupa hata Jumatatu."

Bi Manyoya akasimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na wanaomfahamu huogopa ikishuka. "Ulichosikia mwishoni ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Na wewe umekifunika kama mtu anayefunika maiti. Kumbe ulikuwa unanionea huruma. Huruma, Fundi! Nguo nimeazima. Sufuria nimeazima. Makofi siazimi."

Akavaa viatu, akachukua keki yake, akashuka ngazi.

Na hapo ndipo watu wawili wenye masikio mazuri kuliko mtaa mzima walipoacha kusikilizana. Kama angekaa dakika moja zaidi, angemwuliza: kwani wewe ulisikia nini? Lakini mwenye hasira hupenda kuondoka wakati amependeza.

Simu ikaita siku iliyofuata. Akaigeuza kifudifudi. Ikaita jioni. Akaifunika na mto.

"Mama, pokea," binti akasema.

"Sipokei."

"Hiyo blauzi unaipiga pasi mara ya tatu. Itaungua."

"Iungue. Amenitia makofi ya watu wa uwanjani, kana kwamba mimi ni mpira."

"Amekosea. Lakini mama, yule baba hana hila. Mtu anayenunua stokingi mbele ya foleni ya wanawake hana hila."

Bi Manyoya akazima pasi. "Alhamisi meneja anataka kusikia albamu. Nitakwenda kumwambia haipo. Bora nikose Jumapili kuliko kuuziwa jina langu likiwa na jasho la mtu mwingine."

"Nitakwenda na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kushika mkoba. Ukianza kupigana na watu huwa unausahau."

Alhamisi alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, manyoya yake na hereni za kufika mabegani, kwa sababu mtu akienda kupoteza lazima aende amevaa. Ukumbi ulikuwa mtupu, mchana umeingia kwa madirisha, na spika mbili kubwa zilikuwa zimeshapangwa. Nyuma ya spika alikuwa Fundi. Shati limenyooka, macho hayajalala.

"Umekuja kufanya nini?" Bi Manyoya akamwuliza.

"Shikamoo Fundi," binti akasema haraka, kuokoa adabu ya familia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha kwa Bi Manyoya: "Nimeleta zote mbili. Niliyoitia makofi, na ile tupu kama ilivyotoka. Zote ni zako. Sema tu ipi ipigwe, mimi nitabonyeza na kuondoka."

Meneja alikuwa tayari ameketi, mguu juu ya mguu. "Nimeshasikia kidogo ile ya makofi. Nzuri sana. Mbona tunapoteza muda?"

"Nzuri, ndiyo," Bi Manyoya akasema. "Si yangu. Piga ile tupu."

Fundi hakubonyeza. Akamsogelea, akasema chini chini, lakini ukumbi ule ulikuwa na mwangwi na kila mtu akasikia. "Tafadhali. Usiipige mbele ya huyu. Ule mwisho... Nilikuwa kule kwenye mashuka. Wimbo umekwisha, hakuna hata mmoja aliyegusa meza. Nikasikia kiti kinaburutwa. Kingine. Vyote. Kisha mlango ukabamizwa, kimya. Nikazima mitambo, nikavua hedifoni. Walikuacha umekaa hapo peke yako, na wewe ulikuwa umeimba vile. Nililia, nakwambia kweli. Nilijifuta na foronya ya hoteli."

"Foronya zetu?" meneja akauliza.

Bi Manyoya alimtazama Fundi. Kitu kikaanza kutetemeka kwenye mabega yake. Binti alidhani mama analia, akafungua mkoba kutafuta leso. Hakuwa analia. Alicheka mpaka hereni zikagongana.

"Mlango! Eti mlango!" Akakifuata kinanda, akainua kifuniko, akakiachia. *Pu.* "Mlango wako huu hapa."

Fundi akageuka kama amepigwa kofi. Lile pu alilijua. Alikuwa amelisikiliza na kulisikiliza tena.

"Na viti?" akauliza.

Bi Manyoya akaenda kwenye meza ya karibu, akaketi, kisha akasimama taratibu. Kiti kikaburuzika sakafuni. Akachukua kitambaa cheupe mezani, akakiinua juu ya kichwa, kidole cha mkono wa pili midomoni. Akabaki hivyo.

"Mimi nilikuwa meza ya tatu," binti akasema. "Hakuondoka mtu. Walisimama wote, Fundi. Hata mimi, na viatu vilikuwa vinaniua."

Fundi akaketi kwenye spika. Mtu mkubwa akiketi ghafla hivyo, unasikia moyoni. "Nilifunga mlango ili nikusikie vizuri," akasema.

"Ndiyo. Ukanisikia vizuri, ukanizika nikiwa hai." Sauti ilikuwa ya ukali, lakini mkono wake ulishafika begani kwake. "Sasa bonyeza."

Wakasikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwamo, kwa mbali, juu ya paa. Meza tupu ilikuwamo. Viganja vilikuwamo. Kisha viti, kimoja, kingine, vyote, kisha kifuniko, kisha kile kimya kilichojaa watu. Fundi alikuwa amefumba macho, anakiona kwa mara ya kwanza.

Meneja akakohoa. "Inagusa. Inagusa kweli. Lakini mteja hawezi kununua sauti ya viti. Tieni yale makofi, Jumapili ziendelee. Bila makofi, samahani. Mikutano."

Binti akashika mkoba kwa mikono miwili.

"Mwanangu," Bi Manyoya akamwambia meneja, kwa upole wa mama aliyeshika mwiko, "Jumapili ulizonipa wewe, zichukue. Fanyia mikutano. Wanaokuja kuniona hawakuja kwa ajili ya meza zako, ndiyo maana siku ya mvua walikuja wale wale wanaonipenda, na wakatosha. Siondoki kwa kushindwa. Naondoka kwa kukuchoka mimi kwanza."

"Hayo ni maneno ya wimbo wako," meneja akasema.

"Ndiyo. Kumbe ulikuwa unasikiliza."

Akatoka na manyoya yake. Mkoba aliusahau, binti akawa nao.

Jioni ile simu ikaita, naye akaipokea kabla haijamaliza mlio.

"Umekula?" Fundi akauliza.

"Nimekula ile keki uliyoikosa. Kavu kama gome, nikala tu kwa hasira."

"Nataka kukuoa."

"Kwa simu?"

"Nikija ana kwa ana utanikatiza."

Bi Manyoya aliweka mkono kifuani. Binti, aliyekuwa anasikiliza mlangoni bila kuficha, naye akaweka mkono kifuani.

"Sikiliza, laazizi wangu," akasema hatimaye. "Nimeolewa mara moja na mtu aliyeniona bila kunisikia. Wewe umenisikia bila kuniona. Sitaki nusu nyingine. Tafuta ukumbi. Mitambo yako ikae meza ya mbele kabisa, macho wazi. Nitakujibu jukwaani."

"Na nikikosa ukumbi?"

"Basi utakuwa umekosa na mke. Changamka."

Fundi hakukosa. Albamu ilitoka tupu kama ilivyokuwa, na mwenye duka kubwa la samani aliisikia kwa mteja wake, akacheka mpaka akapiga simu: kumbe kuna mtu anarekodi viti? Vyangu ni vingi. Jumapili ya uzinduzi, ndani ya duka lake, wasikilizaji wakakalia kila aina ya kiti kilichowahi kuchongwa, vya kulia, vya kusukia, makochi yenye nailoni, na wachache wenye bahati wakakaa kitandani. Mbele kabisa, kwenye meza ya kahawa yenye bei bado imebandikwa, alikaa Fundi akiwa na suti ya bluu na hedifoni, na lile duara la stokingi likiwa limesimama mbele ya maiki kama picha ya babu.

Bi Manyoya aliimba kama mtu asiye na deni kwa yeyote. Aliketi kwenye mkono wa kochi la mzee wa vitambaa, akamwuliza kama anauzwa pamoja na kochi. Alimkaribia Fundi, akamfunika macho na manyoya, akayaondoa. "Unaniona?" Watu wakapiga chochote kilichokuwa karibu.

Mwisho akaketi ukingoni, kidole midomoni. Viti vikaanza, kimoja baada ya kingine. Vitambaa vikapanda. Fundi akawatazama wote, akamtazama yeye, naye akasimama wima akiwa bado na hedifoni. Waya ukakaza, ukachomoka, ukaburuta mtambo mzima mpaka ukingo wa meza. Taa nyekundu ya kurekodi ikazimika. Hakuinama kuiokoa. Alikuwa ameshika kitambaa chake hewani kama mtoto aliyepewa bendera.

Bi Manyoya akashusha kidole. Ndiyo siku pekee aliyovunja sheria yake mwenyewe ya kunyamaza.

"Ndiyo," akasema.

Neno hilo halimo kwenye albamu yoyote. Makofi yaliyolifuata pia hayamo, na hayakuwa ya kuazima.